Tamasha la chuo linakusanya makabila yote ya nchi, mbona wazee wa mtaa wanabaki vibarazani?

#1 MtotoWaDunda

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo. Kila mwaka inapokaribia miezi ya mwisho, chuo cha sanaa, yaani TaSUBa, kinaandaa Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni. Siku hizo mji haukamatiki. Nyumba za wageni zinajaa, bodaboda hawapumziki, na ukiingia pale chuoni unamkuta binti wa Kihaya anacheza sindimba ya Wamakonde, kijana wa Kirangi yuko kwenye marimba, mwanafunzi kutoka Ulaya anajifunza kukatika mdundiko na hajali nani anamtazama. Napenda sana jambo hili, niseme wazi kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba wazee wa mtaani kwetu siwaoni pale. Na hao ndio waliozicheza ngoma hizi ujanani mwao. Bibi yangu upepo ukivuma vizuri anazisikia kutoka kibarazani, bega linacheza lenyewe, ila hanyanyuki. Ukimuuliza anakujibu, "Hiyo ya chuo, mwanangu."

Dai langu ni hili: tumewaleta Wasukuma, Wagogo, Wangoni, Wazanzibari na watu wa ng'ambo, lakini jirani anayeishi nyuma ya ukuta hatujamleta. Kwa nini? Naomba tujadiliane bila kuwatukana waandaaji, wanafanya kazi kubwa.

#2 Kaole_Pwani

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu.

#3 Mwanafasihi

Mleta uzi, sababu ni ugeni wa jambo lenyewe. Tamasha limeanza juzijuzi tu, 2007, chuo kilipopewa jina la TaSUBa. Mila huchukua kizazi kizima kuzoeleka. Subiri watoto wa leo wawe wazee, utawaona viti vya mbele.

#4 MpigaMsondo

Mwanafasihi, hapo turekebishe kwanza. Mwaka 2007 ndio chuo kilipogeuzwa kuwa wakala wa serikali na kuitwa TaSUBa. Chuo cha Sanaa chenyewe ni cha 1981, na tamasha la kwanza ni 1982. La 40 lilifanyika 2021. Kwa hiyo hao watoto unaotaka tuwasubiri wameshakuwa wazee, na bado wako vibarazani.

Na chuo hakikuota tu kama uyoga. Baada ya uhuru serikali iliunda vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Vijana wa sarakasi walipelekwa China miaka ya 1960 wakajifunze huko. Vikundi vilipovunjwa, wasanii wengi wakaja Bagamoyo kufundisha. Ndiyo maana tangu mwanzo pale palikuwa na mwalimu kutoka kila kona ya nchi. Mwanafunzi wa Kizaramo alifundishwa ngoma ya Kisukuma na Msukuma mwenyewe, siyo na kitabu.

#5 Mwanafasihi

Mzee MpigaMsondo shikamoo. Miaka nimeisikia. Ila hoja ya kuzoeleka naishikilia, maana ukumbi uliungua 2002 na kwa miaka kadhaa mambo yaliyumba. Kamba ikikatika katikati, kuiunga kunachukua muda.

#6 MpigaMsondo

Marahaba. Ukumbi uliungua kweli, paa lilikuwa la makuti. Lakini tamasha halikufa kwa sababu hiyo.

#7 BintiWaMagomeni

Wanaume mmeanza na miaka na majengo. Mimi nitasema ya wanawake. Maonyesho makubwa ni usiku. Mama wa Magomeni yetu ya hapa Bagamoyo ana magharibi, ana isha, ana wajukuu wa kulaza, ana mume anayeuliza chakula. Atatoka saa ngapi? Na akitoka, atarudi na nani? Hebu wekeni shoo nzito saa kumi alasiri muone.

#8 Nahodha_Mlingotini

BintiWaMagomeni, mbona kigodoro kinapigwa hadi alfajiri na hao akina mama wapo, tena mstari wa mbele?

#9 BintiWaMagomeni

Kigodoro ni cha mtaa, kaka. Mlango wa nyumba yangu nauona kutoka pale nilipokaa. Na mwenye shughuli ni shoga yangu, nisipoenda kwake kesho haji kwangu. Huo ni mkopo, siyo burudani tu.

#10 Mkwere_Halisi

Hapo kwenye #9 ndipo penyewe, naomba niongezee. Ngoma ya mtaani ina mwenyewe. Kuna mwali anatoka, kuna mtoto kaingia jando, kuna harusi. Watu wanakwenda kwa sababu ya mtu. Kwenye tamasha ngoma ipo, mwenyewe hayupo. Unacheza mkole, mwali yuko wapi?

Tena kuna jingine ambalo vijana hawalijui. Baadhi ya ngoma hizi, kwa sisi Wakwere na jirani zetu Wazaramo, hazikuwa za kutazamwa na kila mtu. Mambo ya kumfunda mwali ni ya wanawake kwa wanawake. Bibi aliyelelewa hivyo, ukimwambia aje akae kitini pamoja na mkwewe watazame yaliyokuwa yakifanyika ndani, ataona haya. Siyo kwamba hapendi sanaa. Ana heshima zake.

#11 Msanii_Mstaafu

Mkuu Mkwere, mimi nimesoma pale. Tulikuwa tunafundishwa kipi kinapandishwa jukwaani na kipi kinaachwa huko kilikotoka. Kinachoonyeshwa ni hatua za miguu, mapigo na nyimbo zinazofaa hadhira yote. Siri za unyago hazifundishwi darasani.

#12 Mkwere_Halisi

Nakuamini. Ila bibi hajui kwamba mmechuja. Yeye anasikia pigo la ngoma tu, na pigo linamwambia kila kitu.

#13 Kaole_Pwani

#12 umenigusa.

#14 UstadhiMpole

Assalaam alaykum. Wengine watakwepa kulisema, mimi nitalisema kwa upole. Bagamoyo ni mji wa dini. Wapo wazee wanaoona ngoma na maulidi haviendi pamoja, na wamechagua maulidi. Tuwaheshimu.

#15 Nahodha_Mlingotini

Waalaykum salaam ustadhi. Lakini dufu si linapigwa kwenye maulidi? Watu si wanayumba kwenye zikri mpaka jasho linawatoka?

#16 UstadhiMpole

Dufu na zikri vina nia yake. Ila ahsante kwa kuigusa zikri, maana umenikumbusha jambo kubwa kuliko tamasha lenyewe.

Mnazungumzia sherehe ya watu wa asili mbalimbali kana kwamba imeletwa na chuo. Mji huu una ziara ya Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931. Asili yake ni Umanyema, Kongo. Aliletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na watu wa koo kubwa za mji wakamfuata. Fikiria uzito wake: mji uliopokea misafara ya watumwa, leo unakusanyika kumwombea dua mtu aliyeletwa na utumwa huohuo. Pale utamkuta Mmanyema, Mshirazi, Mzaramo, Mwarabu, Mnyamwezi, sinia moja la pilau, mikono mitano sita. Na hao wazee wa vibarazani wote wapo, kanzu zimepigwa pasi toka jana yake.

Kwa hiyo mleta uzi, bibi yako huenda hajakosa sherehe. Anazo zake.

#17 Mama_Karai

Jamani salama? Mimi ndiye ninayekaanga mihogo na pweza karibu na geti siku za tamasha, kwa hiyo mnanisema bila kunijua.

Mnasema wenyeji hatupo. Tupo. Tupo nje kwenye makarai. Kwangu mimi ile ndiyo wiki ya kulipa ada ya mtoto. Nanunua pweza asubuhi soko la samaki kabla wenye mahoteli hawajamaliza, nampiga, namchemsha, jioni niko na karai langu, mihogo upande huu, kachumbari upande ule. Ngoma naisikia yote. Wanangu wanaingia na kutoka kunihadithia, "Mama, kuna mtu kapanda juu ya mtu juu ya mtu!" Hizo ni sarakasi. Saa nne usiku ndiyo wateja wanamiminika, sasa niache mafuta yanachemka nikakae kitini nipige makofi?

Aliyesema tuwekewe shoo alasiri, sawa, lakini alasiri nakwaruza mihogo.

#18 MtotoWaDunda

Mama Karai shikamoo. Hili la kuwepo bila kuonekana sikuwa nimelipa uzito. Naomba uendelee kutuelimisha.

#19 Mama_Karai

Marahaba baba. Elimu nyingine njoo na hela ya pweza.

#20 Mnyamwezi_wa_Pwani

😂😂 Wazaramo na Wakwere kwa kudai hela tu hamjambo. Mababu zetu walitembea kutoka Tabora na meno ya tembo begani, walipofika hapa mkawauzia hata maji.

#21 Mkwere_Halisi

Mtani umefika! Mababu zako walipofika walilala kwetu, wakala kwetu, wakaoa kwetu, na wengine kurudi hawakutaka. Wewe mwenyewe ni ushahidi.

#22 Mnyamwezi_wa_Pwani

Hahaha, kweli tupu. Ila tuache utani, utani wenyewe ni sehemu ya jibu. Karne ya 19 wapagazi walishuka Bagamoyo kila mwaka kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, wakisubiri mizigo ya kurudi nayo bara. Walikaa wiki na miezi. Walipiga ngoma zao, wenyeji walipiga zao, wakatazamana, wakachekana, wakaigana. Utani wa makabila yetu ulikolea kwenye misafara ile. Hakuna aliyeandika ratiba wala kukata tiketi.

Ninachotaka kusema ni kwamba kutazamana kule kulikuwa kwa pande mbili. Leo wa jukwaani anatazamwa, wa kitini anatazama. Mzee wa pwani hajazoea kutazama ngoma akiwa ameketi na mikono mapajani. Amezoea kuingia duarani, kumtunza mchezaji, kumbandika noti kwenye paji la uso, kutajwa jina kwenye wimbo. Ukimkalisha umemnyima sehemu yake.

#23 MpigaMsondo

Mnyamwezi umesema vizuri, na mimi kama mpigaji nakubaliana nawe. Nitawaonyesha kwa kitu kimoja. Kabla ngoma haijapigwa inapashwa moto. Tunakoka makuti makavu, ngoma zinainamishwa kuelekea mwali wa moto, na mpigaji anaigonga ngozi kwa vidole huku ameikaribishia sikio. Ikiwa bado imelegea inatoa sauti ya uvunguvungu, unaisogeza tena. Ikianza kulia kavu, unaiondoa upesi, ukichelewa ngozi inapasuka na kuiwamba upya ni kazi ya siku nzima. Mtaani, wakati ule wa moto ndio watu wanapokusanyika. Watoto wanaleta makuti, wazee wanagombana ipi imekaza na ipi bado, akina mama wanaanza kupokezana nyimbo taratibu. Ngoma ikianza, kila mtu ameshashiriki.

Kwenye tamasha kazi hiyo inafanyika nyuma ya jukwaa. Mtazamaji anapelekewa ngoma iliyokwisha kuiva.

#24 Msanii_Mstaafu

Mzee hilo la moto ni kweli kabisa, lakini tuwe wakweli upande wa pili pia. Bila jukwaa, nani angeijua ngoma ya Wagogo hapa pwani? Marehemu Hukwe Zawose alitoka Dodoma, akaishi na kufia Bagamoyo mwaka 2003, na zeze na ilimba zake, ile marimba ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, zilisikika duniani kote. Leo familia yake ni ya hapahapa, na mabinti wa ukoo ule, Pendo na Leah, wanaimba mbele kama Zawose Queens, wakati zamani kazi ya wanawake ilikuwa kuitikia nyuma. Jukwaa ndilo lililofungua mlango huo. Mtoto wa Nianjema anayejua kupiga ilimba leo hakujifunza kwenye jando.

#25 Mwanafasihi

Ahaa! Na ndio kuzoeleka nilikokusema. Mgogo amekuwa mwenyeji wa Bagamoyo kupitia sanaa.

#26 Mgeni_wa_Mji

Samahani naingilia. Kutoka Dar usafiri ukoje siku za tamasha?

#27 Nahodha_Mlingotini

Makumbusho kuna magari ya Bagamoyo. Ni kilometa 70 hivi. Ukitaka kubaki mpaka usiku tafuta pa kulala mapema, usije ukalala kwenye ngalawa yangu.

#28 Mwalimu_Bara

Nimesoma uzi wote. Nami nina kisa cha chuo kikuu, cha mikoa ya bara, sitakitaja. Kila mwaka tulikuwa na siku ya utamaduni. Tunapangwa kwa kanda, kila kanda na meza yake, vazi lake, chakula chake. Sisi watu wa Pwani kila mwaka tuliambiwa tulete kanga na pilau. Nikasema jamani, kwetu kuna ngalawa, kuna majongoo ya bahari, kuna dua za wavuvi, kuna mkole, kuna makaburi ya Kaole ya karne nyingi. Nikajibiwa muda hautoshi. Wafanyakazi wa jikoni, ambao ndio wenyeji wa mji ule, walisimama mlangoni na sinia mikononi wakitutazama tukicheza ngoma zao. Mpaka leo picha hiyo inanisumbua.

Kwa hiyo Bagamoyo msijione mna tatizo la peke yenu. Chuo kikisherehekea tamaduni, huwa kinazipanga kama darasa: huyu kaa hapa, yule pale. Maisha ya mtaani hayakai hivyo. Mpare kaoa Mzigua, watoto wanaongea Kiswahili na wanacheza singeli. Waweke meza gani?

#29 BintiWaMagomeni

Singeli! Waambie hao. Vijana wa mtaani tamasha wanaenda sana, na wanakwenda kwa ajili ya bongo fleva na singeli. Sasa wazee wasilalamikiwe, na vijana wasilalamikiwe.

#30 Mjukuu_wa_Sewa

Naomba kuongeza upande wetu. Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, babu zangu walikuwa na duka hapa mjini. Mnataja makabila ya bara na Waarabu, Wahindi mnaturuka. Shule ya Msingi Mwambao, lile jengo la zamani, ilijengwa kuwa shule ya watoto wa rangi zote miaka ya 1890. Hicho nacho ni chuo na jamii pamoja, miaka mia moja na zaidi iliyopita.

#31 Nahodha_Mlingotini

Lile si la Wajerumani? Wao ndio walikuwa na makao makuu hapa kabla ya kuhamia Dar 1891.

#32 Mjukuu_wa_Sewa

Boma ndilo la Wajerumani. Jengo la shule lilitolewa na Sewa Haji, mfanyabiashara Mwismaili wa hapahapa, akaikabidhi serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba isibague watoto. Alifariki 1897, na jina lake lipo pia Muhimbili. Nalisema hili kwa uchungu, maana siku za tamasha sijawahi kusikia dandia wala harmonia ya Kihindi ikipewa nafasi ya kueleweka kwamba nayo ni ya Bagamoyo. Huwa inahesabiwa ni ya India.

#33 UstadhiMpole

Ndugu yangu, umesema haki. Na Wakatoliki je? Misheni ipo tangu 1868, na 2018 walipofanya jubilei ya miaka 150 mji ulifurika kuliko tamasha. Waislamu tulipokea wageni majumbani. Hakuna aliyetuandikia barua ya mwaliko.

#34 Mkwere_Halisi

Basi tuseme hivi: watu wa mji huu wanakwenda wanapohusika, siyo wanapoalikwa.

#35 Mama_Karai

Mkwere unamaliza uzi kabla watu hawajala. Mimi mwaliko nautaka. Nitake nisitake kwenda ni shauri langu, lakini niletewe mlangoni, mtu avue viatu, aniamkie, aniambie "Mama, mwaka huu tunaomba uje utuimbie ule wenu wa kutwanga." Hapo nitamwachia binti yangu karai.

#36 Mnyamwezi_wa_Pwani

Kumbe unaimba! Na mihogo uliniuzia bila hata kunitajia.

#37 Msanii_Mstaafu

Mama Karai, wimbo wa kutwanga wa wapi, Zinga au Kiromo? Nauliza kwa dhati, maana mapigo yake yanatofautiana na walimu wangekutafuta.

#38 Mama_Karai

Wa mama yangu, Mlingotini. Wa vinu viwili, wanawake wanne, mchi haugusani. Siandiki hapa maneno yake, aje anayetaka.

#39 MpigaMsondo

Vinu viwili vyenyewe vipo bado? Mimi nitaleta makuti ya kupashia ngoma. Lakini iwe mtaani kwanza, chuo waje kututazama.

#40 Mwanafasihi

Na hapo mzee napinga. Ikianzia mtaani itaishia mtaani kama zote. Ianzie chuoni, irekodiwe, ndipo itazoeleka.

#41 BintiWaMagomeni

Ianzie popote, ilimradi iwe kabla ya magharibi.